Wati, Digrii na Sekunde: Kuchagua Chuma cha Kulehemu Ukiwa Kariokor

Ukitoka Kariokor kwa miguu, ukashuka Racecourse Road na kuvuka Mto Nairobi, muda si mrefu utakuwa Luthuli Avenue, mbele ya kaunta iliyojaa vyuma vya kulehemu: vyembamba vya wati 25 upande mmoja, vinene vya wati 100 upande wa pili. Kama hukuja na uamuzi wako, muuzaji atakuamulia, na mara nyingi atakupa cha wati 60 akisema kina nguvu. Hakudanganyi. Lakini nguvu na joto ni mambo mawili, na pedi nyingi zinazobanduka kwenye bodi katika vibanda vya Kariokor, Ziwani na Pumwani hubanduka kwa sababu fundi alinunua nguvu akidhani amenunua joto linalofaa.

Haya ninayoandika ni kwa anayeanza kutengeneza redio, simu, amplifaya, balbu na taa za sola. Ni pia kwa aliyezoea kazi lakini bado anapandisha joto kila kiungo kinapomkatalia.

Wati si digrii

Wati hueleza kasi ambayo chuma kinaweza kuingiza joto kwenye kazi. Digrii hueleza ncha iko kwenye kiwango gani cha joto sasa hivi. Moto wa njiti ya kibiriti una digrii za kutosha kuyeyusha lehemu yoyote, lakini hauwezi kuchemsha sufuria ya chai, kwa sababu hauna joto la kuendelea kumimina.

Chuma cha kawaida, kile chenye waya, mpini na ncha bila kidhibiti chochote, hupanda joto mpaka lile linalopotea hewani lilingane na lile linaloingia kutoka kwa stima. Hakijui unachokifanya. Cha wati 25 au 30 kikiwa kimelazwa kwenye stendi huweza kutulia kati ya digrii 350 na 400. Cha wati 60 cha aina hiyo hiyo huweza kupita 450 kabla hujakigusisha na kitu. Ukikiweka juu ya pedi ndogo ya redio, pedi inapokea joto hilo lote papo hapo na gundi inayoshika shaba kwenye bodi inaachia. Ukikishika kile cha wati 25 kwenye mguu mnene wa transfoma, ncha inapoa, lehemu inaganda nusu, nawe unabaki umekandamiza kwa sekunde 20 ukipika kila kitu kilicho jirani.

Chuma chenye kidhibiti cha kweli hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake kuna kihisi kinachopima joto karibu na ncha. Ukikiweka 330, hukaa 330 kikila umeme kidogo tu, na mara tu shaba inapoanza kunyonya joto, kinafungulia wati zote kilizonazo ili kirudi pale pale. Hapo wati 60 au 70 ni akiba, hazimuunguzi mtu. Kwa hiyo shika hili kabla ya kutoa pesa: wati nyingi zenye kidhibiti ni salama kuliko wati chache zisizo nacho, na wati nyingi zisizo na kidhibiti ndizo hatari kuliko zote kwa bodi.

Mafundi wa jua kali pale Kamukunji wamelehemu mabati miaka mingi kwa kichwa kizito cha shaba kilichopashwa kwenye makaa, bila wati wala digrii zilizoandikwa popote. Kinachowafaa ni uzito wa ile shaba: imeweka joto jingi, na ikigusa bati haipoi upesi. Somo lao linafaa hata kwenye meza ya simu, kwamba ncha nene na fupi hupeleka joto vizuri kuliko ncha ndefu yenye kichwa cha sindano. Lakini flaksi yao, ile dawa ya kusafisha chuma ili lehemu ishike, usiiazime. Asidi iliyoyeyushiwa zinki husafisha bati vizuri sana, ila kwenye bodi hubaki chini ya vipuri, hunyonya unyevu, na baada ya muda nyaya nyembamba zinageuka kijani na kukatika. Kwa elektroniki tumia flaksi ya utomvu wa msonobari, au ile maalumu ya bodi.

Anza na lehemu

Kabla ya kuuliza ncha iwe na joto gani, soma kibandiko cha roli yako ya lehemu. Mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka ghafla kwa digrii 183. Ule wa 60 kwa 40 huanza kulainika hapo hapo 183 na kumaliza karibu na 190. Kati ya hapo haujawa maji wala haujawa chuma, na kiungo kikitikisika wakati huo hutoka na nyufa. Lehemu isiyo na risasi yenye bati 96.5, fedha 3 na shaba 0.5 inahitaji 217 hadi 220. Ya bati na shaba pekee huyeyuka kwa 227. Ipo pia ya bati na bismathi, inayoyeyuka kwa 138 tu, na tutairudia tukifika kwenye balbu.

Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi katika vifaa vipya vya umeme tarehe 1 Julai 2006, na viwanda vinavyouza dunia nzima vikafuata. Ndiyo maana simu au televisheni unayofungua leo kwa kawaida imelehemiwa bila risasi, na ndiyo maana kiungo cha kiwandani hukataa kuyeyuka kwa joto ambalo lehemu yako mwenyewe inatiririka. Dawa yake haiko kwenye kitufe cha joto. Ongeza lehemu mpya ya risasi kidogo juu ya ile ya zamani, pamoja na flaksi, ziache zichanganyike, na kiwango cha kuyeyuka kitashuka. Kisha nyonya zote kwa utepe wa shaba na uanze upya.

Ncha inatakiwa kuzidi kiwango cha kuyeyuka kwa digrii 120 hadi 160, maana joto hutiririka pale penye tofauti, na tofauti ikiwa ndogo utasubiri mno. Kwa lehemu ya risasi hiyo ni 310 hadi 340. Kwa isiyo na risasi ni 350 hadi 380. Mimi huanza 320 na sioni haya kufanya kazi ya siku nzima bila kugusa kitufe. Zaidi ya 400 ni kwa shughuli chache na kwa muda mfupi sana, na kwa mtu anayeanza ningesema asifike huko kabisa.

Kipimo cha kweli ni sekunde. Kiungo kidogo kizuri hukamilika kwa sekunde 1 hadi 3 tangu ncha iguse pedi na mguu wa kipuri kwa pamoja. Katika muda huo flaksi inaondoa kutu nyepesi juu ya shaba, lehemu inatambaa, na bati linaungana na shaba kuwa tabaka jembamba la mikroni chache tu. Tabaka hilo ndilo linaloshika. Ukizidisha joto au muda linanenepa, na likinenepa linakuwa jepesi kuvunjika; redio inarudi kwako baada ya mwezi na kiungo kimepasuka ingawa kilionekana kinang'aa. Zaidi ya hayo, kwenye 420 flaksi inaungua kabla haijasafisha chochote, kwa hiyo ncha yenye moto mkali hulehemu vibaya kuliko ncha ya wastani. Wengi hawaamini hili mpaka wajaribu.

Kiungo kikikataa, fuata mpangilio. Kwanza safisha ncha na uipake lehemu mbichi, kwa sababu tone hilo dogo ndilo daraja la joto kati ya ncha na kazi. Likishindikana, weka flaksi. Kisha badilisha ncha, weka pana zaidi. Kisha pasha bodi nzima kutoka chini mpaka digrii 100 au zaidi kidogo. Baada ya yote hayo ndipo uongeze joto, digrii 20 tu kwa mara moja.

Kama chuma chako hakionyeshi namba, tazama moshi. Gusisha waya wa lehemu yenye flaksi kwenye ncha safi. Lehemu ikiyeyuka mara moja, moshi mweupe mwembamba ukapanda kwa sekunde moja au mbili na ncha ikabaki inang'aa, uko mahali pazuri. Flaksi ikilipuka, ikarusha vitone, moshi ukaisha papo hapo na ncha ikageuka buluu au kahawia ndani ya muda mfupi, joto limezidi. Multimita nyingi zinazouzwa sasa zina soketi ya kupimia joto na waya wake. Tumbukiza kichwa cha waya huo ndani ya tone la lehemu juu ya ncha, usubiri namba itulie. Fanya hivyo hata kwa stesheni, yaani chuma chenye kisanduku chake cha kidhibiti, iliyo na kioo cha namba, kwa kuwa zile za bei nafuu huweza kukosea kwa digrii makumi kadhaa.

Stima yako ni ya volti ngapi leo?

Stima ya Kenya imekusudiwa kuwa volti 240, lakini jioni kila mtu akiwasha kila kitu, au ukiwa mwisho wa waya uliovutwa kutoka kibanda hadi kibanda, unaweza kupima 200 au chini yake. Kwa chuma kisicho na kidhibiti jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Nguvu hufuata volti iliyozidishwa kwa yenyewe: 200 ukigawanya kwa 240 unapata 0.83, na 0.83 mara 0.83 ni karibu 0.69. Chuma cha wati 40 kimekuwa cha wati 28. Fundi anasema lehemu aliyouziwa ni mbaya, kumbe ni saa moja ya jioni.

Upande wa pili, chuma kilichoandikwa wati 40 kwa volti 220 ukikichomeka kwenye 240 kinatoa karibu wati 48. Hicho bado kitaishi. Kilichotengenezwa kwa volti 110, ambacho huletwa na jamaa waliotoka Marekani, kitapokea nguvu karibu mara tano ya kilichopimiwa na hakitamaliza dakika. Soma kibandiko kabla ya plagi.

Hesabu hiyo hiyo itakusaidia pale kaunta. Beba multimita yako, weka kwenye omu, pima kati ya pini mbili za umeme za plagi. Kwa chuma cha waya wa kupashia, volti 240 mara 240 ni 57,600. Gawa kwa wati zilizoandikwa. Cha wati 30 kionyeshe karibu omu 1,920, cha 40 karibu 1,440, cha 60 karibu 960. Kama kimeandikwa kwa volti 220, anza na 48,400, hivyo cha wati 60 kitakuwa karibu 807. Ukipata omu 1,900 kwenye chuma kilichoandikwa 60, unauziwa wati 30 kwa bei ya 60. Kipimo hiki hakifai kwa vyuma vya kauri wala vyenye kitufe cha joto kwenye mpini, kwa kuwa kauri hubadilika sana ikipata moto na kidhibiti kiko katikati. Hivyo vijaribu kwa namna nyingine: kiache kipate moto, tazama taa yake, kisha bonyeza ncha kwenye sponji yenye maji. Taa ikibadilika mara moja, au namba ikishuka na kupanda tena haraka, kihisi kipo. Visipotikisika, kitufe kile ni cha kupunguza umeme tu, hakijui joto la ncha.

Kama tayari una chuma cha wati 60 kisicho na kidhibiti na huna pesa ya kingine, njia ya zamani ya mafundi ni dayodi moja ya 1N4007 kwenye waya wa umeme, na swichi ya kuiruka. Dayodi hukata nusu ya mawimbi ya stima na nguvu inashuka kuwa nusu. Swichi ikiwa wazi chuma kinasubiri bila kuunguza ncha. Ukifika kwenye kazi nzito unaifunga. Weka vyote ndani ya kisanduku cha plastiki kilichofungwa kwa skrubu, kwa sababu hiyo ni volti 240 na haitazami ulikusudia nini.

Ununue kipi

Ningekuwa na mwanafunzi mmoja tu wa kumshauri, ningemwambia ajikusanye anunue stesheni ndogo ya wati 60 hivi yenye kidhibiti. Zile zinazoiga Hakko 936 ya Japani ziko kila mahali, na uzuri wake mkubwa ni kwamba ncha zake zinapatikana kwa maumbo mengi. Hatua moja juu ni zinazotumia ncha za T12, ambamo kipashio, kihisi na ncha ni kitu kimoja. Joto linasafiri umbali mdogo, kwa hiyo zinapata moto kwa sekunde chache na wati zake 70 hufika kwenye kazi kweli. Bei ya ncha zake ni kubwa zaidi, lakini kwa anayetengeneza simu kila siku inajilipa.

Vipo pia vyuma vyembamba visivyo na stesheni kama TS100 ya Miniware na Pinecil ya Pine64, vinavyotumia volti 12 hadi 24. Vinawafaa sana watu wanaofanya kazi mahali ambapo stima hukatika, kwa sababu betri ya sola inavitosha. Lakini kumbuka hesabu ya volti: chuma kinachotoa wati 65 kwa volti 24, kwa betri ya volti 12 hutoa robo tu, wati 16 au 17. Kitayeyusha viungo vidogo vya redio, hakitaweza mguu wa transfoma. Vile vya volti 5 vinavyochomekwa kwenye chaja ya simu vina wati 8 hivi, na mimi nisingevitegemea kwa riziki.

Ukikutana na Weller ya zamani kwenye bidhaa kuukuu kutoka Ulaya, ile isiyo na kitufe cha joto hata kidogo, usiidharau. Joto lake limo kwenye ncha yenyewe: nyuma ya ncha kuna kipande cha sumaku kinachopoteza nguvu ya usumaku kwenye digrii fulani na hivyo kukata umeme. Namba iliyochongwa hapo inasema yote. Ya 6 hushika karibu 310, ya 7 karibu 370, ya 8 karibu 425. Tafuta ya 6 au ya 7.

Ncha yenyewe chagua ile bapa iliyochongwa kama patasi, upana wa milimita 2 hadi 2.4, na uifanyie asilimia kubwa ya kazi zako. Ncha ya sindano inayokuja ndani ya boksi huvutia macho ya anayeanza, lakini eneo lake la kugusa ni dogo mno hata joto halipiti, naye mwenyewe anapandisha digrii ili kufidia. Ncha za kisasa ni shaba iliyofunikwa chuma. Usizipige tupa, maana ukitoboa lile tabaka lehemu itaila shaba ya ndani kwa siku chache. Futa kwa nyuzi za shaba ya manjano au sponji ya kulehemia yenye unyevu kidogo. Sponji ya kuoshea vyombo huyeyuka, na stilwulu ya sufuria hukwaruza. Kabla ya kuzima, acha tone la lehemu juu ya ncha.

Ardhi, moshi na risasi

Soketi zetu ni za pini tatu kwa sababu. Chuma chenye waya wa pini mbili kilichochomekwa kwa adapta huweza kuvujisha umeme kidogo mpaka kwenye ncha. Wewe utahisi mwasho tu, lakini transista nyororo za simu zinakufa kimya. Pima kwa mita kati ya ncha na pini ndefu ya ardhi ya plagi: iwe omu chache tu. Ndani ya plagi weka fyuzi ya ampia 3 badala ya 13.

Moshi unaoukohoa ni wa flaksi, na ukiuvuta miaka mingi unaweza kukuletea pumu ya kazini. Feni ndogo ya kompyuta iliyowekwa ubavuni ivute moshi kutoka usoni mwako, isiupulizie kwa jirani anayeshona viatu. Risasi ni suala tofauti. Huchemka kwa digrii 1,749, kwa hiyo kwenye ncha ya 330 hakuna mvuke wake wa kuhesabika. Inaingia mwilini kupitia vidole, na Kariokor ni mahali pa kula nyama kwa mkono. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumshika mtoto. Mabaki ya lehemu yahifadhi kwenye mkebe wenye kifuniko, yasitupwe kwenye jiko wala kuyeyushwa kwa moto mkubwa. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walidhurika na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Meza ya fundi haifikii kiwango hicho hata kidogo, lakini madini ni yale yale, na wanaoumia kwanza ni watoto.

Kazi kwa kazi

Redio na amplifaya za bei nafuu zina bodi za kahawia za karatasi iliyogandishwa kwa gundi, zenye shaba upande mmoja tu. Pedi zake hazivumilii. Weka 300 hadi 320, ncha bapa ya milimita 2, sekunde 2, na usisukume pedi kwa ncha hata kidogo. Ukikosa kidhibiti, hapa ndipo chuma cha wati 25 kina heshima yake. Mguu wa transfoma, waya mnene wa spika na ardhi ya boksi la amplifaya ni mambo mengine: ncha ya milimita 4 au 5, digrii 370, akiba ya wati 60 na kuendelea. Kwa bamba lenyewe la chuma utahitaji hata wati 100. Alumini usipoteze lehemu yako; haishiki kwa lehemu na flaksi za kawaida.

Tundu la chaji la simu ndilo linaloharibu majina ya mafundi. Pini zake za katikati ni nyembamba kama nywele, ilhali miguu minne ya pembeni imeshikwa na tabaka pana la shaba lililofichwa ndani ya bodi, linalonyonya joto lote. Fundi anaona mguu haulegei, anapandisha 450, na pini za katikati zinabanduka kabla mguu haujayeyuka. Toa betri kwanza. Pasha bodi kutoka chini kwa hewa ya moto mpaka ifike digrii 100 hadi 120. Weka flaksi nyingi, ongeza lehemu ya risasi kwenye kila mguu, kisha tumia ncha pana kwa 350. Miguu ikishalainika yote, tundu linatoka kwa kuinuliwa, si kwa kuvutwa. Kulirudisha jipya, anza na miguu ili likae sawa, halafu pini kwa 320.

Balbu za LED zinaletwa kwa wingi, na wengi huzikataa kwa kuwa chuma kinashindwa. Bodi yake ni bamba la alumini, nalo liliwekwa makusudi ili liondoe joto. Kila unachoingiza kwa ncha linakisambaza. Hakuna digrii za kushinda jambo hilo, kuna kupasha kutoka chini tu. Kabla ya yote hakikisha kapasita ya ndani imeishiwa umeme, maana huweza kubaki na volti zaidi ya 300. Kisha funga pasi kuukuu ya nguo kichwa chini, uso wake ukitazama juu, weka bamba hapo na upandishe mpaka 150 hivi. Sasa chuma chenye 340 kitaondoa taa iliyoungua kwa sekunde chache. Safisha pedi, weka lehemu kidogo ya bati na bismathi ya 138, panga taa mpya ukizingatia alama ya hasi, na pasi yenyewe itaiyeyusha. Kwa balbu inayopata moto sana ukitumia bismathi kiungo kitachoka mapema. Hapo rudi kwenye lehemu ya risasi ya 183 na umalizie kwa ncha.

Betri za mviringo za lithiamu, zile 18650 za taa za sola na powabenki, usizilehemu moja kwa moja. Upande wa hasi ni mkebe wa chuma unaopeleka joto ndani papo hapo, na upande wa chanya una muhuri wa plastiki na valvu ya usalama zinazoyeyuka kabla lehemu haijatambaa. Ukihitaji kuziunganisha, nunua zenye vipande vya nikeli vilivyokwisha kuchomewa na ulehemu waya kwenye kipande hicho, mbali na betri, kwa ncha pana, 350, sekunde 2. Zisizo na vipande zipeleke kwa mwenye mashine ya kuchomelea nukta, umlipe, uendelee na zinazokungoja mezani.